Karibu ya Oktoba haifiki Februari

Wiki ya pili ya Oktoba vyuo vikuu vya Ujerumani huwa vimechangamka kwelikweli. Meza zimepangwa ukumbini, wanafunzi wa mwaka wa pili wamevaa fulana za sare, na kila mgeni anakabidhiwa mfuko wa kitambaa wenye kalamu, ramani ya mji na ratiba ya kutembezwa maktaba. Vyuo vingi humpangia pia mwenyeji wake, mwanafunzi wa kumpokea stesheni na kumfikisha bwenini. Jioni kuna tafrija, na kila mtu analeta chakula cha kwao. Mtanzania anapika pilau, Mkenya anasukuma chapati, picha zinapigwa, na kabla hawajalala zimeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mtoto kapokelewa vizuri.

Na kweli kapokelewa vizuri. Ninachokilalamikia mimi ni tarehe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ujerumani jembe unapewa siku hiyohiyo ya kwanza. Shamba ndilo huonyeshwi. Mambo yanayomwangusha mwanafunzi aliyetoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura hayatokei Oktoba. Huanza kimyakimya Oktoba, yakaja kumfika shingoni kati ya Desemba na Februari, na kufikia wakati huo zile fulana za sare zimeshakunjwa kabatini zikisubiri wageni wa mwaka unaofuata.

Wanaokwenda ni wengi. Katika muhula wa baridi wa 2023/24, Ujerumani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni karibu 380,000. Kinachowavutia watu wa kwetu kinajulikana: katika majimbo mengi vyuo vikuu vya umma havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kutoza mwaka 2024, euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kwingine unalipa mchango wa muhula, ambao mara nyingi hauzidi euro mia tatu na kitu. Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mjini Berlin mkataba wa uhamaji kati ya Kenya na Ujerumani ukitiwa saini, na gumzo likazidi. Mawakala nao hawakulala. Kuna familia zinazomlipa mtu mamilioni ya shilingi kwa kazi ya kujaza fomu ambayo kwa shirika la uni-assist, linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi, inagharimu euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata.

Safari yenyewe ni ya zamani. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili Berlin miaka ya 1890, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akaja baada yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilijenga majumba ya ghorofa Kikwajuni, Unguja, na vijana wa Zanzibar wakapelekwa huko kusoma. Mjini Leipzig kulikuwa na taasisi iliyoanzishwa 1956 na kupewa jina la Herder mwaka 1961, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafundisha wageni Kijerumani kwa takriban mwaka mzima kabla ya kuwagawa kwenye vyuo mbalimbali. Chumba kilitafutwa na serikali, karatasi zilishughulikiwa na serikali, na mara nyingi hata kozi ilichaguliwa na serikali. Siitamani serikali ile hata kidogo. Lakini ule mwaka mmoja wa lugha ulikuwa na akili.

Siku hizi vijana wetu wengi wanakwenda kusoma shahada ya uzamili kwa Kiingereza. Profesa anafundisha kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na darasani umekaa na Mhindi, Mkolombia na Mnigeria. Cheti cha Kijerumani hakidaiwi, na mwombaji anashusha pumzi. Hakuna aliyemwambia kwamba atasoma kwa Kiingereza lakini ataishi kwa Kijerumani: mwenye nyumba, bima, benki, manispaa, daktari, na zaidi ya wote, posta.

Nchi hiyo inaendeshwa kwa barua. Sisi tumezoea ujumbe wa simu, kupigiwa, na ikishindikana kabisa, kufuatwa nyumbani. Kule deni linaanza kwa bahasha, linakua kwa bahasha na linafika mahakamani kwa bahasha. Tena nyumba za ghorofa kwa kawaida hazina namba za milango. Mtu wa posta anatafuta jina kwenye sanduku la barua. Mgeni aliyepanga chumba na hajabandika jina lake pale chini, barua zake zinarudishwa zilikotoka, ikiwamo kadi ya benki na barua ya bima ya afya. Msaada anaouhitaji mtu huyu siku ya kwanza ni kipande cha karatasi chenye jina lake na gundi kidogo. Katika vijitabu vya kuwakaribisha wageni nilivyowahi kusoma, ushauri kuhusu vivutio vya mji huwa mrefu kuliko huo.

Tuifuate barua moja tuone. Mwanafunzi akishahamia chumbani ana wiki mbili za kujiandikisha manispaa, akiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli anaishi pale. Anajiandikisha. Manispaa inapeleka anwani yake kwenye ofisi inayokusanya mchango wa redio na televisheni za umma. Baada ya wiki kadhaa inakuja bahasha ya kawaida tu: unadaiwa euro 18.36 kwa mwezi. Mchango huo ni wa nyumba, si wa kichwa, kwa hiyo kati ya wanne wanaoishi pamoja analipa mmoja na wengine wanatuma namba yake. Kumaliza suala hili ni kazi ya dakika kumi. Ila kijana hana televisheni, hajui Kijerumani, na bahasha ina nembo kama ya tangazo la biashara. Anaitupa. Inakuja ya pili, anaiweka kwenye droo. Baadaye deni limeongezwa faini, na kama mambo yamefika mbali zaidi, inakuja bahasha ya manjano ambayo mtu wa posta ameiandika tarehe kwa mkono wake. Bahasha ya manjano haina mzaha. Muda wa kupinga, ambao mara nyingi ni wiki mbili au mwezi, unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, uwe umeifungua au hujaifungua. Ikishaingia kwenye sanduku lako, kisheria imekufikia.

Sasa pangeni miezi mwone ninachosema. Viza aliyogongewa ubalozini ni ya miezi michache tu. Kabla haijaisha lazima aombe kibali cha ukaaji kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, na katika miji mikubwa miadi ya ofisi hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi au miezi. Aliyeingia mwishoni mwa Septemba anajikuta viza inayoyoma Krismasi au mwaka mpya. Kujiandikisha kwa mitihani kunafanyika mtandaoni, katika vyuo vingi mnamo Desemba au Januari, na dirisha likifungwa limefungwa. Unaweza kuwa umesoma muhula mzima na usiruhusiwe kuingia chumba cha mtihani. Mchango wa muhula ujao unalipwa Januari au Februari, na asiyelipa anatozwa faini, kisha anafutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Akishafutwa, kibali cha ukaaji hakina tena pa kusimama. Na katikati ya yote hayo ndipo mihadhara inaisha na mitihani inaanza.

Mitihani hiyo nayo ina mtego wake. Kwetu mwanafunzi huingia mtihani wa mwisho akiwa na alama za majaribio na kazi za muhula mkononi. Anajua yuko salama au anaelekea kubaya. Ujerumani masomo mengi yana mtihani mmoja unaobeba alama zote. Kwenye kozi nyingi hakuna mahudhurio, hakuna jaribio la wiki ya sita, hakuna mhadhiri anayeuliza mbona sikuoni. Wenyeji wanauita huo uhuru wa kitaaluma na wanaupenda. Kwa mgeni maana yake ni kwamba anaweza kupotea tangu Novemba na asigundue yeyote, hata yeye mwenyewe, mpaka Februari. Sapu zipo, kwa kawaida mara mbili kwa kila mtihani. Ukifeli mara ya mwisho umedisko, na kudisko kwa kule kunakufungia kozi hiyohiyo katika vyuo vingine vya nchi nzima. Ukiugua siku ya mtihani, unamwona daktari siku hiyohiyo na kupeleka cheti. Kumwandikia profesa kesho yake kwamba ulikuwa na homa hakusaidii kitu.

Profesa mwenyewe hafikiki kirahisi kama wanavyodhani waliotazama sinema, wala hatishi kama wanavyoogopa wanaomheshimu kupita kiasi. Ana saa yake ya kuonana na wanafunzi kila wiki, ambayo mara nyingi haina mtu. Vijana wetu hawaendi kwa sababu wamelelewa kwamba kumwendea mkubwa ni kumsumbua. Darasani vilevile: ukimya ambao nyumbani ungehesabiwa adabu, kwenye semina ya watu kumi na tano unahesabiwa kwamba hukusoma.

Halafu kuna Desemba yenyewe. Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Wanafunzi wenyeji wanafunga mabegi na kwenda kwa wazazi wao, bweni linabaki na wageni watatu kwenye korido ya vyumba ishirini, mgahawa wa chuo unafungwa, na kuanzia mchana wa tarehe 24 hadi 26 maduka nayo yanafungwa. Kwa Mwislamu kutoka Tanga Krismasi si sikukuu yake, lakini kimya ni kilekile. Hapo ndipo mtu anapolala saa kumi na nne na kuamka amechoka, na akipigiwa simu kutoka nyumbani anawasha taa, anavaa shati, anasema yuko poa. Katika baadhi ya miji familia za wenyeji huwaalika wanafunzi wa kigeni mezani wakati wa Krismasi. Chuo kinachotaka kujua mahali pa kupeleka fedha zake za mapokezi kingeanzia hapo.

Baridi ya nje wanaijua, wameshanunua makoti ya mtumba kwenye masoko ya Karume au Gikomba. Wanachoshangaa ni baridi ya ndani, au tuseme hewa ya ndani. Mjerumani anafungua dirisha lote wazi kwa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, theluji ikianguka. Mgeni anayelipia joto kwa pesa za mawazo anaona huo ni wendawazimu, anafunga kila kitu, anapika ugali na kuanika nguo humohumo chumbani. Mvuke hauna pa kutokea. Kufikia Januari kona iliyo nyuma ya kabati imeota kuvu nyeusi, ukuta unanuka, na siku ya kuhama mwenye nyumba anashikilia amana, ambayo kisheria inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu. Sheria imemwandikia mpangaji haki zake, lakini imeziandika kwa Kijerumani.

Kupata chumba chenyewe ni hadithi nyingine, na nisingependa kuipamba. Jina la Kiafrika kwenye barua pepe linapunguza majibu. Wanaotafuta wanalijua hilo, na Ujerumani yenyewe ina ofisi ya serikali kuu ya kupambana na ubaguzi tangu 2006, ambayo hupokea malalamiko ya namna hii. Kumwambia kijana kwamba akijitahidi kuzoea mambo yatanyooka ni kumdanganya. Kuna mahali kasoro iko kwa mwenyeji, na mgeni anastahili kuambiwa hivyo waziwazi ili asijilaumu usiku kucha.

Msaada upo. Kinachoniudhi ni kwamba uliojaa matangazo ni ule wa Oktoba, na ule wa maana umejificha. Kuna programu iitwayo STUBE, inayofanya kazi katika majimbo mbalimbali kwa msaada wa Brot für die Welt, shirika la makanisa ya Kiprotestanti. Ni ya wanafunzi wanaotoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wanakutana mwisho wa wiki kwa gharama ndogo, wanajadili mambo ya nchi zao na ya maisha yao ya pale, na wapo wanaosaidiwa hata nauli ya kwenda kufanya utafiti au mafunzo ya kazi nyumbani. Jumuiya za wanafunzi za Kiprotestanti na za Kikatoliki zina mifuko ya dharura kwa mwanafunzi wa kigeni aliyekwama, na hawaulizi dini yako. Shirika la huduma za wanafunzi, lile linaloendesha mabweni na migahawa, lina washauri wa kijamii na wanasaikolojia wasiotoza pesa au wanaotoza kidogo sana. Serikali ya wanafunzi katika vyuo vingi ina mwanasheria wa bure siku fulani za wiki. Yeye ndiye wa kupelekewa mkataba wa nyumba na ile bahasha ya manjano. Na aliyebakiza miezi michache kumaliza shahada akakatikiwa na pesa anaweza kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuhusu fungu la kumalizia masomo linalotokana na fedha za DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi. Wengi huulizia wakati wameshafutwa kwenye orodha.

Watu wa nyumbani walioko huko ni msaada mwingine, wenye pande mbili. Kwenye kundi la Watanzania au Wakenya wa mji utaambiwa duka gani linauza kisamvu cha barafu, nani ananyoa nywele zetu vizuri, na kwamba unga wa ngano ngumu wa duka la kawaida unasonga ugali unaolika. Kwa hayo sina neno. Lakini kwenye kundi hilohilo utaambiwa pia kwamba barua ile usiijali, mimi mwaka wa tatu sijalipa, hawajanifanya kitu. Anayesema hivyo huenda analipiwa na mkewe bila kujua. Mambo ya sheria yasijibiwe kwenye kundi la watu mia mbili usiku wa manane. Vyama vyetu vingefanya la maana kama vingetenga Jumamosi moja ya Januari: kila mwanafunzi mpya aje na barua zake zote, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa, na wanaojua Kijerumani wakae naye wasome moja baada ya nyingine, waandike majibu hapohapo.

Limebaki la pesa, ambalo linawahusu zaidi mnaosoma gazeti hili mkiwa nyumbani. Ili apate viza, mwanafunzi asiye na ufadhili anatakiwa kuonyesha fedha ya mwaka mzima kwenye akaunti maalumu. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Ukizigeuza shilingi zinaonekana utajiri, na hapo ndipo kelele za ukoo zinapoanza. Lakini akaunti hiyo imefungwa. Inatoa euro 992 kwa mwezi, basi. Chumba kikichukua 400, na katika München kinachukua zaidi sana, bima ya afya ikichukua 140 na ushee, kinachobaki ni cha chakula, simu, usafiri na koti. Sheria iliyoanza Machi 2024 inamruhusu kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Asiyejua Kijerumani mara nyingi anaangukia ghala la mizigo, zamu ya usiku, na anaingia darasani saa nne asubuhi macho mekundu.

Kwa hiyo kaka akiomba laki tano za bodaboda mwezi wa pili wa masomo, mtoto hatakataa. Ataongeza zamu. Hilo mtaliona Februari kwenye matokeo, kama atawaonyesha. Mwacheni apite mwaka wa kwanza bila kudaiwa na mtu. Na mkimpigia Desemba msiulize kama yuko salama, kwa sababu jibu la swali hilo mnalijua. Mwulizeni viza inaisha lini, amejiandikisha mitihani mingapi, na kuna barua gani kwenye droo. Kama ukoo una uwezo wa kumchangia mara moja tu kwa mwaka, mchango huo utumwe mwanzoni mwa Januari, kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipia muhula.